Nyimbo za Chini ya Redio

Wiki iliyopita nilipeleka simu yangu kwa fundi, hapa Tanga ninapoishi. Akaifungua, akapasha moto chuma chake cha kulehemu, akakigusisha kwenye risasi ya kuungia nyaya, na ule moshi mwembamba ukanifikia puani. Machozi yakanitoka palepale. Fundi akashtuka. "Mama, usilie," akaniambia, "simu itapona." Nikacheka huku nalia, kwa sababu marehemu baba yangu alikuwa akiwaambia wateja wake maneno hayohayo kuhusu redio zao, na kwa sauti ileile ya daktari anayejua kwamba ugonjwa ni mdogo.

Wenzangu mliokulia zama za redio za betri mtanielewa. Mtakumbuka tulivyokuwa tukizianika betri juani zipate nguvu kidogo, na redio ambayo kifundo chake cha sauti kimevunjika inavyozungushwa kwa koleo. Mimi nililelewa katikati ya vitu hivyo. Chumba cha mbele cha nyumba yetu pale Wete, kisiwani Pemba, kilikuwa karakana ya baba, na nje yake palikuwa na kibaraza cha saruji ambapo wateja walikaa wakisubiri. Kwenye kibaraza hicho ndiko alikokaa Mzee Faki, jirani yetu, kila siku baada ya sala ya alasiri, awe na redio ya kutengenezwa au hana. Nyumba yake na yetu zilishirikiana ukuta mmoja.

Tulikuwa watu wa bara, kutoka Masasi. Tulihamia Wete nikiwa na miaka mitano, na tulikuwa Wakristo. Sentensi hii leo naiandika bila kufikiri mara mbili. Kwa kweli siku hizi naisema kabla sijaulizwa, hata kwenye foleni ya hospitali, mpaka wanangu wanaona haya. Lakini pale Wete hatukuisema hata siku moja.

Ilikuwa miaka ile ya vyama vingi, na Pemba ilikuwa imechukia. Watu walisusiana. Duka la mtu wa chama kile halikununuliwa, harusi yake haikuendwa, na lililotisha kuliko yote, akifa majirani hawamziki. Mtu wa bara, tena Mkristo, alihesabiwa moja kwa moja kuwa ni askari au ni mpiga kura aliyeletwa kwa boti. Baba hakuwa askari, na sidhani kama aliwahi kupiga kura popote. Alikuwa mwoga, basi. Nampenda, lakini lazima niseme kweli.

Hakudanganya. Alinyamaza tu, na majina yetu yakamsaidia. Yeye Yusufu, mimi Mariamu, na mama alijulikana kama Mama Mariamu, akitoka anavaa baibui kama wenzake. Ijumaa baba alipanda gari kwenda Chake kutafuta vipuri, kwa hiyo watu wakadhani anasali kulekule. Siku nyingine, adhana ikilia, aliweka chuma chini na kufunga mlango, na wateja wakajua fundi anasali. Mimi ndiye niliyemwona alikokuwa. Alikaa chumba cha nyuma kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, akisubiri sala za wenzake ziishe. Sijamwona mtu mpweke kama yule.

Jumapili tulisali. Baba alifunga karakana saa nne asubuhi, akatoa chini ya kitanda kitabu cha nyimbo kilichovalishwa gazeti, kisha akafungua redio kwa sauti ya juu kabisa. Chochote kilichokuwa hewani, taarabu, matangazo ya vifo, mtu anasoma bei za mazao, kilijaa nyumba nzima. Chini ya kelele hiyo, vichwa vyetu vikiwa karibu, tuliimba. Nje watu walisikia redio tu, na fundi kupima redio ni kazi yake.

Hakuna aliyenieleza kwamba redio ilikuwa ya kutuficha. Nikajieleza mwenyewe. Nilikuwa nimeona kwamba sauti ya mtu aliye London hutufikia kupitia redio, basi nikaona ni sawa kabisa kwamba sauti yetu nayo humfikia Mungu kwa njia hiyohiyo. Redio ikifungwa, Mungu hasikii. Ndiyo maana siku za kawaida hatukusali kwa sauti. Na kwa vile kazi yangu ilikuwa kuanika betri kila Jumamosi juu ya bati la banda la kuku, niliichukulia kazi hiyo kwa uzito ambao hakuna aliyeujua. Mvua ikinyesha Jumamosi nililia. Mama alidhani nalilia kucheza.

Rafiki yangu alikuwa Zuwena, mjukuu wa Mzee Faki. Tulikwenda skuli pamoja, na jioni tukaenda chuoni kusoma Kurani pamoja, kwa sababu Bi Mize, bibi yake, mke wa Mzee Faki, alikuja siku moja akanishika mkono akasema, "Nampeleka na huyu," na mama akaniachia niende. Nilijifunza alifu na bee, nikavaa ushungi, nikaipenda sauti ya watoto wote wakisoma pamoja. Lakini kila nilipocheka na Zuwena kulikuwa na kitu kimekaa katikati yetu ambacho yeye hakioni. Yeye aliniambia kila kitu: kwamba anakojoa kitandani, kwamba baba yake, Hamad, alikimbia ng'ambo baada ya vurugu, na hawajui yuko wapi. Nami nilimwambia nini? Nilimwambia napenda maembe mabichi. Nilikuwa na rafiki na bado nilikuwa peke yangu, na kwa umri ule sikujua kwamba jambo hilo lina jina.

Siku moja, tukitoka sokoni na mama, tulipita karibu na kanisa lile dogo lililo pembeni mwa mji. Watu wachache walikuwa wanatoka, wanawake watatu wanne wamevaa vitambaa vyeupe kichwani. Nikauliza, "Mama, wale ni nani?" Akanikaza mkono na kuongeza mwendo. "Ni watu," akasema. Tulipofika kona ya pili nikamwona anajifuta macho kwa ncha ya baibui.

Baba aliugua homa siku tatu. Siku ya nne asubuhi alifia hospitali, na saa tatu alikuwa amesharudishwa nyumbani, amelazwa chumba cha nyuma, palepale penye kigoda chake.

Lililofuata lilikuwa jema, na ndilo lililotuponza. Wapemba hawachelewi kwa maiti. Kabla mama hajamaliza kulia kilio cha kwanza, nyumba ilikuwa imejaa. Wanaume walikuwa uani wametundika shuka za kukingia, wamechota maji, jeneza la msikitini limeegemezwa ukutani. Ndani Bi Mize alikuwa na kafuri mkononi na kitambaa cha sanda kimeshapimwa. Mtaa mzima ulikuwa umefunga redio. Hivyo ndivyo anavyoheshimiwa maiti: siku tatu hakuna muziki, hakuna hata taarifa ya habari. Mtaa wa fundi redio, ambao sikuwahi kuusikia ukiwa kimya, ulikuwa kimya kwa ajili yake.

Nami kimya kile kilinitia hofu kuliko kifo chenyewe. Baba amekufa, anakwenda kwa Mungu, na hakuna redio hata moja iliyo wazi. Nani atamwambia Mungu kwamba anakuja? Nikapenya katikati ya wanawake, nikazichukua betri zangu za Jumamosi, nikazitia kwenye redio kubwa ya karakana, nikazungusha kifundo kwa koleo mpaka mwisho.

Ikalia taarabu, kwa nguvu zote, juu ya maiti ya baba yangu.

Bi Mize alinifikia wa kwanza. Akaifunga redio, akanishika bega. "We mwana! Msibani hakufunguliwi redio!"

"Lakini Mungu hasikii!" nikapiga kelele. "Redio ikifungwa Mungu hasikii, na mama hajaimba! Baba hajaimbiwa!"

Wanawake wakatazamana. Bi Mize akaniachia bega polepole, akamgeukia mama aliyekuwa amekaa mkekani.

"Mama Mariamu," akasema. "Aimbiwe nini?"

Nje sauti ya mwanamume iliuliza kama waingie kumchukua maiti. Leo naelewa kilichokuwa mbele ya mama dakika ile. Akinyamaza, mumewe atazikwa kabla ya alasiri, mamia ya watu nyuma yake, kwa heshima yote, ila atazikwa kama mtu ambaye hakuwa yeye. Na akisema, pengine hatapatikana hata wa kumwinua kutoka sakafuni. Angeweza kusema mtoto amechanganyikiwa kwa msiba. Wangemwamini. Walikuwa wanataka kumwamini.

Mama akasimama. Alikuwa mfupi, na baibui lilimzidi urefu. Akaenda mpaka mlango wa uani, ili na wanaume wasikie.

"Jamani, msimwoshe," akasema. "Mume wangu ni Mkristo. Mimi ni Mkristo. Nisameheni kwamba nasema leo."

Hakuna aliyetukana. Laiti wangetukana. Nilisikia ndoo ikiwekwa chini, taratibu. Nilimsikia Mzee Faki akiuliza, "Kasema nini?" na mtu akamwambia tena kwa sauti ndogo, kisha nikasikia makubadhi yake yakiondoka. Shuka zikatunduliwa. Watu wawili wakabeba jeneza kulirudisha msikitini, likiwa tupu. Wanawake wakatoka mmoja mmoja, wengine wakimgusa mama mkono, wengine hawakumtazama.

Akabaki Bi Mize. "Miaka minne?" akauliza.

"Miaka minne, bibi."

"Na Ramadhani nkikuletea futari kila siku?"

"Nilikuwa naila," mama akasema. "Nilikuwa naipenda."

Bi Mize akaifunga ile kafuri kwenye pindo la kanga yake, akaenda kukaa mlangoni, mgongo ametuelekezea sisi. Lakini hakuondoka.

Hapakuwa na mtu wa kutuma, kwa hiyo nilitumwa mimi. "Nenda kule kanisani," mama akaniambia. "Mwambie utakayemkuta." Nikatembea Wete nzima peke yangu na ushungi wangu wa chuoni. Kando ya barabara karafuu zilikuwa zimeanikwa mikekani, na wanawake waliokuwa wakizigeuza waliniita, "Pole mwanangu, fundi katangulia," kwa sababu habari ya pili ilikuwa haijawafikia bado. Niliitikia, nikijua kwamba jioni hawataniita hivyo. Zuwena alikuwa amesimama mbele ya duka la mkate. Sikuwa nimepanga kusema kitu. Nikasema, "Mimi si wa chuoni, Zuwena. Mimi Mkristo." Akanitazama kama niliyemnyang'anya kitu. Kisha akakimbia kwao.

Kanisani nilimkuta mzee mmoja anakwangua rangi ya dirisha. Alikuwa katekista, ingawa neno hilo sikulijua. "Umepotea, mtoto?" akaniuliza.

"Baba yangu ni Mkristo. Amekufa."

"Baba yako nani?"

"Fundi redio."

Akakiweka kisu chini. "Fundi Yusufu? Aliyenitengenezea redio yangu?" Akatia mkono ndani ya shati, akatoa msalaba mdogo wa mbao uliofungwa uzi. "Kila nikienda kwake nilikuwa nauficha huu," akasema, na akakaa chini kwenye nyasi, mtu mzima, akalia. Mimi nilisimama tu nikamsubiri amalize.

Mchana ule mama aliimba. Redio ilikuwa imefungwa, milango ilikuwa wazi, na kwa mara ya kwanza nilisikia sauti yake ikiwa peke yake. Haikuwa nzuri sana. Ilikwama juu, ilitetemeka, na katekista alikuwa akikosea maneno. Nilingoja nione kama kuna kitu kitatokea, kama Mungu atatuma ishara kwamba hapokei. Hakikutokea kitu. Bi Mize alikuwa palepale mlangoni, mgongo wake haujageuka, na wimbo ulipokwisha akainuka akachemsha maji ya kunawa.

Aliyeona maziko Pemba anajua kwamba jeneza halikai hatua kumi begani kwa mtu mmoja. Watu hupokezana, hukimbilia, kila mmoja anataka thawabu ya kumbeba mwenzake, na jeneza huwa kama linaelea lenyewe juu ya vichwa. Sanduku la baba lilibebwa na wanaume wanne: katekista, mkunga mmoja wa kiume wa hospitali, karani wa bandarini na askari aliyevaa shati la kiraia. Mmoja kila pembe, wa kupokea hakuna. Walisimama mara tano njiani, wakaliweka chini, wakapumua. Watu walitoka milangoni kutazama. Mara ya nne tulipopumzika nilimwona Mzee Faki amesimama ng'ambo ya barabara na kofia yake. Nilimkazia macho, nikimwomba moyoni aje apokee. Hakuja. Alitufuata kwa mbali mpaka makaburini, akasimama nje ya ua, na udongo ulipokwisha akaondoka.

Mama aliamua turudi bara. Hakuna aliyetufukuza. Ila hakuna aliyeleta redio, na zile zilizokuwepo wenyewe walizifuata, mbovu vilevile. Nilicheza peke yangu uani siku kumi na mbili. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia Zuwena anacheza, naye peke yake.

Siku moja kabla ya kupanda boti, baada ya alasiri, nilitoka nje nikamkuta Mzee Faki kibarazani, mahali pake pa siku zote, mbele ya mlango wa karakana uliofungwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Kisha akasema, bila kunitazama, "Hamad alipokimbia, ntu wa mwanzo nlomwambia ni baba'ako. Kabla ya nke wangu. Nlimwambia kapita wapi, na nani kamvusha. Maneno yale yangefika kusikotakiwa, mie leo nko ndani. Nlimpa yangu yote. Yeye yake hakunipa. Kwani kanionaje mie? Kaona ntamsusa?"

Nilikuwa na miaka tisa. Nikampa jibu nililokuwa nalo.

"Babu, Jumapili alikuwa anamwomba Yesu. Na mwisho alikuwa anamwombea Hamad."

Akageuka. "Hamad huyu wangu?"

"Hamad mwana wa Faki. Anasema, Bwana, umlinde huko aliko, umrudishe kwa mama yake. Halafu anakuombea na wewe upate usingizi. Ilikuwa ndefu, mimi nilikuwa nachoka."

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili. Ila redio ilikuwa wazi."

Mzee Faki aliutazama ukuta ule unaounganisha nyumba zetu, akauwekea kiganja. "Nlikuwa hapa," akasema. "Upande huno. Nkiisikia redio, nkimwambia Bi Mize, fundi leo anapima kwa nguvu." Niliogopa, kwa sababu sikuwa nimewahi kumwona Mzee Faki akitaka kulia.

Kisha akapangusa uso kwa kofia. "Hebu iseme," akaniambia. "Kama alivyosema yeye. Na redio usifungue."

Watu walikuwa wanapita wakitoka sokoni, na wengine walipunguza mwendo. Nikasimama kibarazani, mikono yangu sikujua niiweke wapi, nikaisema sala ya baba yangu tangu mwanzo, kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Mzee Faki alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipofika kwenye jina la Hamad, akaitikia amin, mara moja, peke yake.